Mizani ya Thao Moja Inatosha, Ila Usiiamini Bila Jiwe

Wasee wangu wa Rongai, leo nina ungamo. Kwa miezi miwili nimekuwa nikiwaibia wateja wangu. Sikujua, lakini kuibiwa ni kuibiwa hata kama mwizi mwenyewe hana habari.

Wengi mnanijua kwa video za mapishi, lakini kodi inalipwa na pilau masala. Naunga viungo hapa nyumbani Kware, nasaga, napakia kwa vimfuko vya gramu 50, nabandika stika, halafu boda anapeleka Rimpa, Gataka, hadi Kiserian. Soo moja kwa kimfuko. Si biashara kubwa, ila ni yangu, na jina lililo kwa stika ni langu.

Sasa, kuna mama mmoja ana kibanda cha chakula hapa karibu na Magadi Road. Alichukua vimfuko kumi. Jioni akanipigia simu.

“Mami, hizi ni gramu hamsini za wapi?”

Nikamuuliza kuna shida gani. Akasema amemwaga vyote kumi kwa bakuli, akapeleka kwa duka la jirani wapime, mizani ikasoma gramu 470 baada ya kutoa bakuli. Si 500.

Mimi nikajibu vile kila mtu wa rika langu angejibu. “Pole mama, labda mizani ya hapo dukani ndio imeharibika.”

Akanyamaza kidogo. “Sawa. Kwa hivyo ni mimi na mwenye duka tunakusingizia?”

Aki nilishindwa na la kusema. Si kwa sababu alikuwa na hasira. Hakuwa nayo, na hiyo ndiyo iliniuma. Nilishindwa kwa sababu sikuwa na ushahidi wowote. Mizani yangu inasema 500, ya duka inasema 470, na mimi naamini yangu kwa sababu gani? Kwa sababu ni yangu. Kwa sababu ina namba mbili baada ya nukta na taa ya bluu.

Hii post ni kuhusu hiyo taa ya bluu. Maoni yangu ni haya, na nitayatetea hadi mwisho: mizani ya dijitali ya bei rahisi si shida. Shida ni mizani ambayo haijawahi kujaribiwa. Namba inayotokea kwa skrini ni maoni ya mashine tu, mpaka uipime dhidi ya kitu unachojua uzito wake.

Wazee wa Marekani na risasi zao

Usiku huo sikulala. Nilikuwa YouTube nikitafuta video za mizani ndogo za bei nafuu. Kitu kilichonishangaza: zile video za maana kabisa hazikuwa za wapishi. Zilikuwa za wazee wa Marekani, wamekaa kwa gereji zao, wanaojaza risasi upya.

Acha nieleze, maana hapa kwetu hii kitu haipo. Marekani mtu anaruhusiwa kuokota maganda ya risasi alizopiga akiwinda au akilenga shabaha, akayasafisha na kuyajaza tena mwenyewe nyumbani ili aokoe pesa. Hapa Kenya usiwaze hata kidogo. Silaha na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bila cheti hata risasi moja mfukoni inaweza kukupeleka kortini. Mimi sikuenda kwao kwa sababu ya risasi. Nilienda kwa sababu hao wazee wana sababu nzito kuliko mimi ya kuiogopa mizani yao. Mimi nikikosea, pilau inakosa ladha. Yeye akizidisha baruti, bunduki inaweza kumpasukia usoni.

Wanapima kwa kipimo kinachoitwa “grain”, yaani punje. Zamani kilitokana na uzito wa punje ya nafaka kweli. Gramu moja ni kama punje 15.4. Mizani zao za bei ya chini zinasoma hadi sehemu ya kumi ya punje, ambayo ni kama miligramu sita na nusu. Hebu fikiria: wanapima kitu kidogo hivyo, kwa mizani ya pesa kidogo, na maisha yao yako hapo.

Na wengi wao hawanunui mizani ghali! Hiyo ndiyo ilinifungua macho. Wanatumia ya bei ya kawaida, lakini wana tabia ambazo sisi hatuna. Kabla ya kuanza kazi, mzee anaiwasha mizani na kuiacha ipate joto. Anazima feni. Anaweka simu mbali. Halafu anatoa kijiwe cha chuma kinachojulikana uzito, anakiweka juu, anasoma, ndio sasa anaanza. Katikati ya kazi anakirudisha tena. Mwisho wa kazi, tena. Na pembeni ana mizani nyingine ya zamani, ya mkono, isiyotumia betri, kama shahidi wa pili.

Nilijiuliza: mimi jiwe langu liko wapi? Sikuwa nalo. Halafu nikakumbuka nilichofanya.

Hivi ndivyo nilivyoiharibu

Mizani yangu ni ile ndogo ya mfukoni, inabeba gramu 500, inaonyesha hadi 0.01. Niliinunua tao kwa thao moja na kidogo. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi inayosema uirekebishe kwa jiwe la gramu 100 kabla ya kuitumia. Jiwe lenyewe halikuwa ndani.

Mimi ni mjanja, au nilidhani. Nilijua mililita moja ya maji ni gramu moja. Hiyo ni kweli. Nikachukua kile kikombe cha plastiki chenye mistari, nikajaza maji hadi mstari wa 100, nikatoa uzito wa kikombe, nikabonyeza kitufe cha CAL. Skrini ikaandika 100.00. Nikajiona mwanasayansi.

Baada ya simu ya yule mama nilienda nikanunua jiwe la gramu 100. Shilingi 450. Nikaliweka juu ya mizani yangu. Ikasoma 106.

Soma hiyo tena. Kitu cha gramu 100, mizani inasema 106. Maana yake ikiniandikia 50, ndani ya kimfuko kuna kama gramu 47 tu. Zidisha kwa kumi: 472. Mizani ya duka huruka gramu tano tano, kwa hivyo ikasoma 470. Mama alikuwa sahihi. Duka lilikuwa sahihi. Aliyekuwa anadanganya ni kikombe changu cha plastiki. Niliporudia yale maji na mizani iliyorekebishwa vizuri, mstari wa 100 ulikuwa na gramu 94 tu za maji.

Kwa hivyo kiwandani hawakunikosea. Inawezekana mizani ilikuwa sawa kabisa siku niliyoifungua. Mimi ndiye niliyeifundisha uongo, na tangu siku hiyo ikaniambia uongo huo kwa utiifu, hadi nukta mbili.

Nilipiga hesabu. Vimfuko kama 320 kwa hiyo miezi miwili. Karibu gramu 900 za masala ambazo watu walilipia na hawakupata. Kwa viungo vyenye iliki ndani, na mnajua bei ya iliki, hiyo si hela ya kuchezea.

Rahisi ni ghali? Hapana, si hivyo

Nilipomwambia mathe, jibu lake lilikuwa tayari. “Si nilikwambia rahisi ni ghali?”

Kwa heshima zote mathe, hapa sikubaliani. Ningekuwa nimenunua mizani ya elfu kumi na kuirekebisha kwa kikombe kile kile, ingesoma vibaya vile vile. Na mizani yangu ya thao moja, tangu niirekebishe kwa jiwe la kweli, inasoma 100.0 kila asubuhi. Kilichokuwa kimekosekana ni shilingi 450 za jiwe.

Kuna wasee wa kontenti wanaosukuma mizani za bei kali kwa sababu wanapata kamisheni ya kila moja inayouzwa. Mimi sijalipwa na mtu. Nawaambia hivi: ukiwa na shilingi 1,500 ya mizani, usinunue mizani ya 1,500. Nunua ya 1,000, na hiyo 500 nunua jiwe.

Ndio uelewe kwa nini, jua mizani inafanya nini ndani. Chini ya sahani kuna kipande cha chuma. Ukiweka mzigo, chuma kinapinda, kidogo sana, macho hayawezi kuona. Juu yake kumebandikwa kitu chembamba kinachopitisha umeme. Chuma kikipinda, nacho kinavutika, na umeme unapita tofauti kidogo. Kompyuta ndogo inasoma hiyo tofauti na kuigeuza kuwa gramu. Mizani haioni gramu hata siku moja. Inaona chuma kimepinda, halafu inakisia kulingana na vile ilifundishwa siku ya mwisho mtu alipobonyeza CAL.

Na kuna jambo lingine ambalo lilinifanya nicheke peke yangu usiku. Kinachopindisha chuma ni mvutano wa dunia, na mvutano huo si sawa kila mahali. Karibu na ikweta ni mdogo, na ukipanda juu unapungua zaidi. Rongai tuko karibu na ikweta na juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,700. Mizani iliyorekebishwa Shenzhen kule China ikiletwa hapa bila kurekebishwa tena itasoma kilo moja ikiwa pungufu kama gramu moja. Iliyorekebishwa London itapungua zaidi ya gramu tatu. Si watu husema Rongai ni diaspora? Sasa hata mizani inajua imesafiri.

Mizani ya mawe, ile ya sahani mbili, haina hilo tatizo, kwa sababu mvutano ukipungua unapungua pande zote mbili. Ndio maana wale wazee wameiweka pembeni kama shahidi. Na ndio maana jiwe ni muhimu: jiwe la gramu 100 ni gramu 100 China, London na Kware.

Sasa, ukienda kununua

Hizi ndizo sheria zangu. Hazihitaji pesa nyingi, zinahitaji uache haraka.

Ya kwanza: anza na kitu kidogo kabisa utakachopima, si kikubwa. Watu wengi huuliza “inabeba kilo ngapi?” Swali la kwanza ni “inaruka gramu ngapi?” Beshte yangu anatengeneza losheni. Kila gramu 100 inahitaji gramu 1 ya dawa ya kuzuia ukungu. Alikuwa akitumia mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja. Kwa mizani kama hiyo, “1” inaweza kuwa nusu gramu au karibu gramu moja na nusu. Mkebe mmoja unaota ukungu, mwingine unamwasha mteja ngozi, na kwa skrini yote miwili ilisoma sawa. Kanuni yangu: mizani iruke si zaidi ya sehemu moja ya mia ya kitu chako kidogo kabisa. Unapima gramu 50? Nusu gramu inatosha. Unapima gramu 1? Tafuta 0.01.

Ya pili: usinunue nukta. Mizani ya gramu 500 inayosoma 0.01 inadai kwamba inagawanya uzito mara 50,000. Kwa thao moja! Ile mizani ya duka inayobeba kilo 15 na kuruka gramu 5 inadai kugawanya mara 3,000 tu. Unaona? Ile inayopimwa na serikali inajigamba kidogo kuliko yangu ya mfukoni. Namba ya mwisho kabisa kwa mizani ya bei rahisi ichukulie kama pambo.

Ya tatu: hesabu bakuli. Kama mizani inabeba gramu 500 na bakuli lako ni 350, umebaki na 150 za kufanyia kazi. Na usiizidishie mzigo. Kile chuma kikipindishwa kupita kiasi hakirudi vizuri. Usiruhusu ndugu yako mdogo aikanyage kuona kama atapimika.

Ya nne: hakikisha ina kitufe cha CAL, na uliza inataka jiwe la gramu ngapi. Nyingine zinataka 100, nyingine 200, nyingine 500. Nunua jiwe linalolingana. Ukikuta jiwe limeandikwa M1, hilo ni daraja la mawe. La gramu 100 linaruhusiwa kukosea miligramu 5 tu. Kwa masala na keki hiyo ni zaidi ya kutosha. Na usilishike kwa vidole vyenye mafuta wala kuliweka droo moja na funguo.

Ya tano: ijaribu pale pale dukani. Muuzaji akikataa, ondoka. Luthuli na Kamukunji maduka hayaishi. Weka kitu kimoja katikati, soma, toa, rudisha, mara tano. Ikisoma 100.02, 100.01, 100.02, poa. Ikisoma 99.6, 100.4, 100.1, mrudishie. Halafu kiweke pembe zote nne za sahani. Zikitofautiana sana, mrudishie pia. Angalia hapa hatuulizi kama inasoma ukweli. Hilo jiwe na CAL vitarekebisha. Tunauliza kama inasema kitu kimoja kila mara. Mizani inayokosea vilevile kila siku inarekebishika. Inayobadilisha stori kila ukiiuliza, hiyo hakuna wa kuirekebisha.

Ya sita: uliza betri. Zile betri za kawaida za rimoti utazipata kwa duka lolote Rongai saa tatu usiku. Zile za duara kama kifungo, jiandae kuzitafuta. Na betri ikiisha nguvu, mizani nyingine zinaanza kuyumba kabla ya kukuonya.

Nyumbani, iweke juu ya kitu kigumu na tambarare. Si kitandani, si juu ya kitambaa cha plastiki chenye mikunjo. Funga dirisha kama upepo wa Ngong unaingia. Simu iweke mbali. Na hii niliipata kwa wale wazee: ukinyunyiza unga kidogo kidogo polepole sana, mizani nyingi za bei rahisi hazioni. Zinadhani ni vumbi, zinajirudisha pale zilipokuwa. Ukifika karibu na kipimo chako, nyanyua bakuli, lirudishe, soma upya.

Lakini kuuza ni kitu kingine

Hapa najua baadhi yenu hamtapenda. Yote niliyosema ni ya mapishi, ya kujifunza, ya kujua unachofanya. Ukianza kuuza kwa uzito, kuna sheria. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Ile mizani ya duka iliyonishinda ilikuwa na muhuri. Yangu haina, na nyingi za mfukoni zimeandikwa kabisa kwamba si za biashara, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayesoma.

Nilikuwa nadhani hizo ni stori za kuwasumbua wahasla. Sasa naona tofauti. Muhuri unamaanisha kuna mtu mwingine, asiye mimi wala mteja, aliyeweka jiwe juu ya hiyo mizani. Na jiwe lake nalo lilipimwa kwa jiwe bora kuliko lake, na hilo kwa lingine, hadi ufike kwa vipimo vya taifa. Na juu ya hivyo, kwa zaidi ya miaka mia, ulikuwa unafika kwa kipande kimoja cha chuma kilichofungiwa karibu na Paris. Hicho ndicho kilikuwa kilo ya dunia nzima. Tarehe 20 Mei 2019 dunia ilikistaafisha, ikaweka kilo kwa hesabu ya fizikia isiyochakaa wala kushikwa na vumbi. Kama hata kilo ya Paris haikuaminiwa milele, wewe unaiaminije ya mfukoni?

Na hii si kitu kigeni kwetu. Pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na watu walijua nani anajaza na nani anapunja. Hapa sokoni tuna gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia, na kila mama anajua kuangalia kitako kama kimebonyezwa kuingia ndani. Shosho zetu hawakusoma fizikia, lakini hawakununua mahindi kabla ya kugeuza mkebe. Sisi tumepewa skrini, tukaacha kugeuza mkebe.

Kwa hivyo huu ndio mpango wangu. Mizani ya mfukoni inabaki ya kuunga viungo. Ya kupakia nawekea akiba ninunue inayokubalika, ipigwe muhuri. Mpaka hapo, stika inasema 50 na mimi naweka 53, ili kosa lolote liwe upande wa mteja. Inaniuma kwa faida. Iniume tu.

Nilivyomalizana na mama

Nilirudi kwa kile kibanda siku ya tatu. Nilibeba jiwe langu, mizani yangu na vimfuko viwili vya bure. Nilimwonyesha 106. Nikamwambia, “Mama, nilikukosea, na nilikukosea mara ya pili niliposema ni mizani ya duka.”

Aliliangalia lile jiwe, akaliokota, akalipima kwa kiganja. “Haka kadogo hivi ndiko kamekuumbua?”

“Ndio.”

Akacheka. Akaniambia alivyoanza kuuza maharagwe, mamake alimpa mkebe mmoja tu na kumwambia asiwahi kuazima wa mtu, kwa sababu hutajua wamekubonyezea nini. Halafu akachukua vile vimfuko, akavipeleka dukani vikapimwe kwanza. Sikukasirika. Ni haki yake.

Kama ulinunua masala yangu miezi hiyo miwili, niandikie. Sitauliza risiti, kimfuko kimoja ni chako. Najua kuna watakaodanganya kwamba walinunua. Sawa. Nilipima watu vibaya kwa miezi miwili, naweza kuvumilia kupunjwa wiki moja.

Na kama una mizani nyumbani, leo usiku nenda uitafutie jiwe la kweli. La kwako, la jirani, la maabara ya shule ya mdogo wako, popote. Liweke juu usome. Halafu uje hapa uniambie yako ilisema ngapi.